Mlango wa Mninga

Mtu mmoja alikuwa na mlango usio na nyumba. Jina lake Desideri, na kazi yake useremala. Mlango huo aliuchonga kwa mbao za mninga muda wa miaka kumi na miwili, nao ukaegemea ukuta wa karakana yake kando ya barabara kuu, usimfungie mtu wala kumfungulia.

Nyumba aliyoukusudia ilikuwa mbali. Lilikuwa kanisa kuukuu la mawe, lililojengwa na mababu chini ya milima, hatua mia mbili kutoka ziwani. Desideri alibatizwa humo. Alipokuwa na miaka sita, watu wote wa kijiji kilicholizunguka walihamishiwa barabarani, penye shule na zahanati, kanisa likabaki peke yake na nyasi. Mchwa wakaula mlango wake. Miaka mingi ilipita ndipo watu, mwaka uleule Desideri alipoanza kuchonga, wakaanza kulirudia, mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wake: hutoka alfajiri, huteremka kwa miguu, hufika adhuhuri, husali, kisha hupanda tena milima kurejea kwao.

Nao wana desturi. Humo ndani kila ukoo una benchi lake la matofali, na kila mtu ana mahali pake. Asiyekuja, ndugu yake hushuka ziwani, huokota jiwe, huliosha, akaliweka mahali pale ili mtu mwingine asipakalie.

Haikupita siku ambayo Desideri hakulikumbuka kanisa lile. Upepo ulipovuma kutoka magharibi, aliacha randa juu ya ubao, akasimama mlangoni pa karakana, akidhani amesikia maji. Watu walipita wakamsalimu, naye hakuitika.

Kila mwaka, siku moja kabla ya safari, dada yake Leokadia alimjia karakanani.

“Kaka, kesho twende.”

“Siendi mikono mitupu,” Desideri alijibu kila mara. “Nitaingia siku mlango utakapokuwa tayari.”

Na mlango haukuwa tayari. Mwaka mmoja ulikosa fremu. Mwaka mwingine ulikosa mizabibu ya kuchongwa pembeni. Kisha akachonga malaika wawili, na mabawa yao akayarudia mara tatu.

Mwaka wa nne Leokadia aliporudi kutoka ziwani, alimletea kamba ya katani yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa upana, la pili urefu. “Nimepima mwenyewe,” akasema, “ili usichelewe tena.”

Desideri aliinyoosha kamba ile sakafuni, akacheka kwa upole. “Dada, hili ni banda la mbuzi ulilolipima.” Kwa maana yeye alikumbuka vizuri. Alipita mlango ule akiwa mabegani mwa baba yake, na baba yake alikuwa mtu mrefu, na bado mlango uliwatosha wote wawili. Akaitundika kamba msumarini, akaendelea na kipimo alichokuwa nacho moyoni.

Mwaka wa kumi na mbili, masika yalipokwisha, Leokadia aliugua siku nane akafa. Ndipo Desideri akaumaliza mlango wake, kwa majuma matatu.

Siku ya sikukuu wana wanne wa Leokadia waliuinua mabegani, kama walivyoliinua jeneza la mama yao. Desideri alikuwa ameuzungushia magunia usikwaruzike, na kwa haraka ya asubuhi ile aliyafunga kwa kamba ya kwanza aliyoiona msumarini. Walipita mashamba ya ulezi uliokwisha kuvunwa, wakapita msitu, wakafika kwenye ukingo wa milima. Hapo ziwa lilijifunua lote kwa mara moja, jeupe kwa jua, na kando yake paa dogo jekundu. Desideri aligeuka upesi amwonyeshe dada yake. Nyuma yake walikuwapo wapwa zake tu, wakitweta chini ya mzigo.

Akageuka tena, akateremka mbele yao.

Walipofika, alisimama mbele ya kanisa kama mtu aliyeelekezwa vibaya. Alinyoosha mkono, akakigusa kizingiti cha juu. Wapwa wakausimamisha mlango penye nafasi yake, nao ukaupita ukuta kwa urefu wa mtoto, na kwa upana ukaziba hata madirisha. Yule mdogo, Fulko, ambaye bega lake lilikuwa limechubuka, hakuweza kujizuia.

“Mjomba, hapa ulitaka aingie nani? Tembo?”

Watu waliotangulia kufika wakacheka.

Desideri akaifungua kamba kwenye magunia, na alipoishika ndipo alipoitambua. Akaipima penye nafasi ya mlango wa kanisa. Fundo la kwanza likaangukia ukuta kwa ukuta. La pili likagusa sakafu.

Bibi mmoja alikuwa akifagia ndani. Alikuja na ufagio wake mkononi, wala hakuutazama mlango.

“Wewe ndiye kaka yake Leokadia?” akauliza. “Basi pita ukae. Yule mwanamke alichoka kukuwekea mawe.”

Desideri akaingia. Alipovuka kizingiti alikumbuka kitu ambacho miaka yote hiyo hakuwa amekikumbuka: kiganja cha baba yake utosini, kikimwinamisha kichwa wapate kupita.

Kwenye benchi la ukoo wao alikuta mawe kumi na moja mahali pake, yamepangwa vizuri, yakianza na lililofifia. Kando yake palikuwa mahali pa Leokadia, patupu, matofali yakiwa laini kwa kukaliwa.

Akatoka, akashuka ziwani, akaokota jiwe. Aliliosha kwa muda mrefu kuliko jiwe linavyohitaji kuoshwa. Akarudi, akaliweka mahali pa dada yake, akayakusanya yale kumi na moja mapajani, akakaa. Nje mlango wa mninga ulilala nyasini, na malaika wake wakitazama juu, mabawa yao mazuri kuliko yote yaliyopata kuchongwa katika nchi ile.

Ndugu zangu, kanisa lile lilikaa miaka yote hiyo bila mlango. Basi ni nani aliyemfungia Desideri nje?