Kwa Nini Korongo wa Mchangani Hana Jicho

Zama hizo pwani ya Isokawa, huko Japani, ilikuwa mchanga mtupu. Hapakuwa na picha, wala mgeni wa kupanda kilima kuja kuitazama. Kisha zikafika habari kwamba mtawala wa ngome angepita. Gonbei, mkuu wa kijiji, akaingiwa na hofu, kwani kijiji jirani kilimpokea mtawala huyo mikono mitupu, na nyumba zake zikateketezwa. Basi akaamuru watu wachimbe mitaro mchangani, mirefu na mipana, mpaka itokee sura ya ndege korongo, mkubwa hata asionekane mzima ila kutoka kilimani.

Otsune, mjane mpika chumvi, alichimba ubawa. Binti yake Mitsu, kwa wembamba wake, alipewa jicho, shimo lililompita kimo.

Siku ya ugeni upepo ulikuwa umeukausha mchanga.

“Mama, kingo zinamong’onyoka,” Mitsu aliita kutoka chini.

“Malizia upesi utoke, mwanangu.”

Baragumu likalia kilimani. Mtawala amefika. Watu wote wakasujudu, na papo hapo kingo zikaporomoka, Mitsu akafukiwa. Otsune alipiga ukelele, akakimbilia shimoni. Gonbei akamdaka kiunoni.

“Ukiivuruga picha watatuchoma sote! Ngoja atazame apite.”

Otsune alimng’ata mkono, akajitupa pale, akafukua kwa kucha. Hakuna jirani aliyeinua uso. Alipozifikia nywele za bintiye, pumzi ilikuwa imeshakatika, na kule juu mtawala alikuwa akigeuza farasi, akisifu kwamba korongo amechorwa vizuri, amelala usingizi.

Kijiji kilisalimika. Mvua za mwaka uliofuata zilipoijaza mitaro mchanga, Gonbei aliwaita watu waichimbe upya, na jicho pia. Otsune alikuja akalala chali mahali pale.

“Anzeni na mimi,” alisema.

Wakasimama na majembe yao mpaka jua likapanda. Mwishowe Gonbei mwenyewe akalitupa lake, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka watu wa Isokawa huichimbua mitaro ya korongo, mbawa, shingo na mdomo, lakini jicho hawaligusi. Wageni wapandao kilimani huuliza kama wachoraji walisahau. Wenyeji huwajibu kwa jina moja tu: Mitsu.