Aliyebeba Uchovu wa Mwamvua

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, simu zikiwepo na salio likikosekana, palikuwa na dereva wa malori aitwaye Mharami. Nusu ya bara hili alikuwa ameikanyaga. Lubumbashi anapajua, Lusaka anapajua, Bujumbura ana mtu wa kumpikia. Njia moja tu ndiyo iliyokuwa ikimshinda, nayo ni ya kwenda kwao Kilosa, kwa dada yake Mwamvua, ambaye alikuwa mgonjwa.

Siku alipofika, adhuhuri, aliona viatu mlangoni. Si jozi mbili wala tatu. Kandambili, makubadhi, raba za plastiki, vimepangwa kutoka kizingitini hadi kwenye shina la mpapai. Ndani, wanawake wamekaa chini, wamejitanda khanga, kimya. Mharami hakuuliza. Mtu wa kwao akiona viatu vingi namna hiyo nje ya nyumba ya mgonjwa, haulizi. Aliliachia begi likaanguka, naye akaanguka kando yake, akalia kwa sauti ile ile anayomwitia utingo wake aliye ng'ambo ya mizani.

"Dada yangu! Umeniacha na nani, Mwamvua! Hukunisubiri hata nikuage!"

Wanawake wakatazamana. Pazia la chumbani likasogea, akatoka Mwamvua mwenyewe, kichwa hakina unywele hata mmoja, ameshika ukuta.

"Kaka," alisema, "lia polepole. Ndiyo kwanza nilikuwa napata usingizi."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mharami aliinuka, akajipangusa magoti, akawaamkia wote mmoja mmoja, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Lakini alipomaliza kuwaamkia aliona jambo ambalo wao hawakuliona. Dada yake alikuwa ameketi nao tena. Wageni wamekuja kumjulia hali, na mgonjwa mwenye adabu hawaachi wageni akalala. Kila aliyeingia aliuliza ilianzaje, na Mwamvua akaeleza ilivyoanza. Tangu asubuhi alikuwa ameshaeleza mara kumi na moja. Walipoondoka wote, hakuweza kuinua kikombe cha chai. Mharami, aliyekuwa na mzaha wa kila kizuizi cha barabarani kutoka Tunduma hadi Kolwezi, alimshikia kikombe hadi chai ikaisha.

Mwamvua alikuwa akitibiwa saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu huenda mjini, hospitali kubwa, akatundikiwa dripu ya dawa. Mizunguko sita, ndivyo daktari alivyosema, na isikatwe katikati. Alikuwa amemaliza miwili. Kichefuchefu aliambiwa, nywele aliambiwa. Uchovu ule hakuna aliyemwambia. Haukuwa uchovu wa kulima, ambao ukioga na ukala unakutoka. Alilala kwa muda wa saa kumi akaamka amechoka. Kuvaa gauni kulikuwa safari: mkono wa kwanza, apumzike, mkono wa pili.

"Wa tatu nitakwenda, kaka, kwa kuwa nimeshaahidi," alisema. "Wa nne siendi. Kama ni kufa, nife nimelala."

Basi mzunguko wa tatu wakamsindikiza watu watatu. Wa kwanza Mharami. Wa pili Tausi, dada wa marehemu mume wa Mwamvua, wifi asiyejua kukaa bila kazi. Wa tatu Nyamizi, jirani, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake. Na mnajua mtani: ana ruhusa ya kusema yale ambayo mwingine akiyasema anafukuzwa nyumbani.

Wakamwuliza muuguzi, "Huyu tumfanyeje? Anataka kuacha." Muuguzi alikuwa na wagonjwa thelathini kwenye benchi. Akasema kwa haraka, huku akiandika: "Uchovu huu si uvivu, ni dawa na ugonjwa wenyewe. Msaidieni kazi. Atembee kidogo kila siku, asigande kitandani. Na apate utulivu, asizongwe na watu. Nguvu kidogo anazopata, azitumie kwa kile akipendacho."

Maneno yalikuwa ya mtu mmoja, kwa pumzi moja, lakini kila mmoja alirudi Kilosa na kipande chake. Tausi alirudi na kazi. Nyamizi alirudi na kutembea. Mharami alirudi na utulivu. Mwamvua naye alirudi na hicho akipendacho, yaani mkeka. Alikuwa msukaji. Alipokuwa mzima alisuka ukili pima tano kwa siku, akizungumza, bila hata kuutazama mkono wake. Akawaambia wote watatu:

"Nitasuka mmoja tu. Nikifika mzunguko wa sita, mkeka huo ni wa yule aliyenibebea uchovu huu. Nisipofika, nizikeni humo."

Mharami akalipeleka lori kwa tajiri wake, akaomba likizo, akatoa kigoda akakiweka mlangoni.

Mzunguko wa nne. Tausi alifua, Nyamizi alitukana, Mharami alidanganya.

Tausi alifua, akapika uji, akachota maji, akamwogesha wifi yake, akamkata kucha. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa mtaa wa pili. Alikuwa akiiona jioni tu.

Nyamizi alisimama miguuni pa kitanda. "Amka, mzigo wa kuni wewe! Kwetu Tabora hata maiti hujisogeza kidogo wenzake wapate nafasi. Sanda yako nimeshainunua, lakini ni fupi. Tembea upungue!" Mwamvua alikuwa akiinuka ili ampige na kandambili. Nyamizi anarudi nyuma hatua moja. Mwamvua anamfuata. Hatua mbili. Mpaka wakafika kwenye mpapai, mgonjwa anahema na kucheka, na matembezi ya siku yamekwisha.

Na Mharami alidanganya. "Amelala." "Amekwenda zahanati." "Daktari kakataza marashi, na wewe shemeji unanukia vizuri mno." Wageni wakageuka na vikapu vyao. Wakaanza kunong'ona kwamba dereva yule amemfungia dada yake ndani, ana lake jambo. Sokoni waliacha kumwitikia salamu.

Mwamvua alisuka. Wiki ya dripu hakusuka kitu. Wiki ya pili shibiri. Wiki ya tatu dhiraa, na ikiwa siku njema, dhiraa mbili. Mzunguko wa nne akaenda kwa miguu yake mpaka kwenye gari.

Sasa ngoja niwaambie na mabaya yao, msije mkadhani nawaficha.

Tausi alipoona vidole vya wifi yake vinatetemeka, aliuchukua ukindu akauweka juu ya kabati. "Hata hili nitakusukia, wifi. Wewe pumzika." Mwamvua akageukia ukutani. Siku tatu hakula uji. "Kama hata ukili siruhusiwi," alisema, "nasubiri nini hapa?" Siku ya nne Mharami aliushusha ukindu mwenyewe, kisirisiri, kama mwizi.

Nyamizi, alipoona mpapai umekuwa karibu, alimvuta hadi bombani, jua la saa saba. Mwamvua akaanguka mbele ya watu wenye ndoo. Goti likavimba, akapata homa, na daktari akaahirisha dripu ya tano wiki nzima. Wiki hiyo Nyamizi hakutukana mtu. Alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Na Mharami je? Asubuhi moja alikuja mama yao mkubwa, dada wa marehemu mama yao, mkongwe, ametembea kutoka milimani na kuku kwapani. Usiku ule Mwamvua hakuwa amelala kabisa. Mharami akasema, "Amelala, mama mkubwa. Rudi wiki ijayo." Alisema kwa mazoea, kama alivyowaambia wote. Mwamvua alikuwa macho. Alisikia kikohozi cha mama mkubwa, akataka kuita, sauti haikutoka. Bibi yule alikaa chini ya mpapai hadi alasiri, akafunga kuku kwenye shina, akarudi zake. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata hiyo, ukaja ujumbe kwamba wameshamzika.

Mwamvua hakumlaumu kaka yake. Siku hiyo hakusuka, basi. Mharami aliketi kwenye kigoda chake hadi magharibi, na kila aliyekuja kutoa pole alimfungulia mlango.

Mzunguko wa tano. Tausi alifua, Nyamizi alitukana kidogo, Mharami alidanganya, lakini sasa aliingia kwanza kumwuliza dada yake.

Mzunguko wa sita. Tausi alifua, Nyamizi alitukana, Mharami alidanganya. Mwamvua akaenda, akatundikiwa, akarudi. Yamekwisha.

Wakafanya dua ya shukrani. Mharami alipotoka uani aliona viatu kutoka kizingitini hadi kwenye mpapai, na moyo ukampiga kwa mazoea, kisha ukatulia. Mwamvua akautoa mkeka. Mzuri, wa zambarau na kijani. Lakini ukiutazama sana unaona mahali ukili ulipolegea, kisha ukakaza, kisha ukalegea tena. Wiki za dripu zote zilikuwemo, unaweza kuzihesabu kwa kidole.

"Nilisema ni wa aliyenibebea uchovu," alisema Mwamvua. "Semeni wenyewe."

Tausi akasema, "Wifi, mimi siongei sana. Tazameni mikono hii. Kila alichopaswa kukifanya kwa miezi mitatu, mimi ndiye niliyekifanya. Uchovu unabebwa kwa mikono. Mkeka ni wangu."

Nyamizi akasema, "Mikono yako ilimlaza, Tausi. Ungeweza, hata kazi ya kupumua ungemfanyia wewe. Mimi ndiye niliyempa miguu. Alicheka kwa ajili yangu siku ambazo hakuwa na sababu nyingine ya kucheka. Mkeka nipeni, niende nao Tabora nikawaonyeshe jinsi watani zangu wasivyojua kusuka."

Watu wakacheka. Wakamgeukia Mharami. Alikuwa ametayarisha mzaha tangu juzi, akauacha.

"Nyinyi mmebeba na mmetua," alisema. "Wewe Tausi umerudi kwako, wanao wanakushukuru. Wewe Nyamizi ulimwangusha, lakini aliinuka. Mimi nililinda usingizi wake kwa jina langu, na mpaka leo sokoni naitwa mwongo. Mama mkubwa alikuja kutuaga, na mimi nikamwambia arudi wiki ijayo. Hilo sijalitua. Kama mkeka ni wa aliyebeba, basi mimi bado nimebeba."

Mama mmoja akasema, "Mkeka apewe mtu aliyemfukuza mama yake mkubwa?" Mwenzake akamrukia, "Na wewe uliyekaa saa nne nzima ukiuliza ilianzaje, ulitaka ufukuzwe na nani?" Mzee mmoja akashauri ukatwe vipande vitatu. Tausi akamwambia, "Mzee, mkeka ukiukata unafumuka, utabaki na majani." Wakabishana mpaka pilau likapoa. Wanawake wengi walikuwa kwa Tausi, waliomwona Mwamvua akifika bombani walikuwa kwa Nyamizi, na kwa Mharami walikuwa wachache, lakini hao wachache hawakurudi nyuma.

Sasa nawatupia nyinyi. Mmoja alitoa mikono, karibu amwue kwa kumpumzisha. Mmoja alitoa miguu, akamwangusha njiani. Mmoja alitoa jina lake, na mlango wake ukafungwa mbele ya mtu asiyeweza kurudi tena. Na angekosekana hata mmoja wao, mzunguko wa nne Mwamvua asingekwenda. Je, nani alistahili mkeka wa Mwamvua?

Msiniambie aulizwe mwenyewe. Aliulizwa. Uani kote walimgeukia, na Mharami alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Mwamvua aliwatazama, akautazama mkeka, akaushika ukuta.

"Mmemaliza?" alisema. "Basi nitandikieni hapo hapo nilale. Dripu zimekwisha, mimi bado nimechoka."