Bi Pimbi na Mkokoteni wa Kiboko

Hadithi inapita, jamani!
*Ipishwe njia!*
Inapita imechoka!
*Ipewe kigoda!*
Inapita na njaa!
*Tuna masikio tu!*

Basi masikio yanatosha. Sogeeni, msinikanyage miguu, inauma.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanajua kulipia kelele kwa chakula, palikuwa na bendi ndogo ya roki. Ndogo kweli. Mwimbaji alikuwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama wa majabalini, mdogo kama sungura, hana mkia wa kujisifia, lakini akifungua mdomo hata mawe yanageuka kumtazama. Mpiga gitaa alikuwa Ngedere, mwenye vidole virefu na maneno machache. Mpiga ngoma alikuwa Mzee Kobe, ambaye ukimwuliza habari hukujibu neno moja tu: "Nimechoka."

Na meneja? Meneja alikuwa Kiboko.

Kiboko hakuimba. Kiboko hakupiga gitaa. Kiboko hakupiga ngoma. Kiboko alikuwa na mkokoteni. Na kwa kuwa ngoma haziwezi kutembea zenyewe, mwenye mkokoteni akawa ndiye mwenye bendi.

Wakifika kijijini, wanapakua. Wakishapakua, wanapiga. Gitaa kreng! kreng! Ngoma du-du-pa! du-du-pa! Bi Pimbi iiiyaaa! Wakishapiga, wanapakia. Wakishapakia, wanasukuma, na Kiboko amelala juu ya mkokoteni katikati ya vyombo. Gurudumu kwichi, kwichi, kwichi, mpaka kijiji kingine. Na huko nako wanapakua.

Wenyeji hawakuwa wachoyo. Walitandika mkeka, wakaweka matikiti, maboga na viazi vitamu. Kiboko alitangulia mkekani. Fyamu! tikiti. Fyamu! boga. Akishamaliza ndipo anaita, "Karibuni chakula, wanangu!" Wanakuta maganda.

"Meneja, haya ni maganda," alisema Bi Pimbi.

"Maganda ndiyo yenye nguvu," alisema Kiboko. "Kuleni tuondoke."

Siku moja walikuwa wanasukuma kupanda kilima, jua limewakalia utosini, Mbayuwayu akatua kwenye mpini wa mkokoteni.

"Ngedere, mkeo Sikujua anakusalimu."

"Nimezipokea. Hajambo?"

"Hajambo. Amejifungua mtoto wa kiume. Tena ameshaanza kurukia matawi."

Ngedere akaacha kusukuma. Mkokoteni ukarudi nyuma, Mzee Kobe akauzuia kwa gamba lake, kra!

"Anaitwa nani?" Ngedere aliuliza.

"Hana jina bado. Sikujua anasema jina atalitoa baba yake. Kwa sasa wanamwita Wewe. Wewe njoo ule, Wewe shuka huko." Mbayuwayu akaruka akaenda zake.

Ngedere akazunguka mkokoteni mpaka kichwani kwa Kiboko. "Meneja, naomba ruhusa nikaone nyumbani."

"Tuna onyesho Bondeni," alisema Kiboko bila kufumbua macho. "Tukitoka Bondeni ni Mbugani. Tukitoka Mbugani ni Mtoni. Tukitoka Mtoni tunarudi Bondeni."

"Mtoto wangu hana jina."

"Mwite Jumatano. Sukuma! Na anayetoroka nitamkalia."

Hakuwa anatania. Zamani bendi ilikuwa na mpiga filimbi, Panya Buku, akajaribu kutoroka. Filimbi ilipona.

Ngedere angeweza kupanda mti na kupotea. Bi Pimbi angeweza kuingia kwenye ufa wa jiwe. Lakini Mzee Kobe angekimbilia wapi? Walitazamana. Wakaushika mkokoteni tena. Kwichi, kwichi, kwichi.

Alasiri wakapumzika kivulini. Kiboko anakoroma, khrrr, khrrr. Bi Pimbi akazungumza kwa sauti ya kukwaruza, maana koo lake lilikuwa limekwisha kwa kuimba kwenye vumbi.

"Ngedere, nikikurudisha nyumbani bila gitaa, utakubali?"

Ngedere akalitazama gitaa lake. Alilichonga mwenyewe kwa mninga, akalisugua kwa majani ya msasa mpaka likang'aa. Alipofunga ndoa alilipiga mpaka wageni wakasahau kula. Akalipapasa shingo.

"Niulize tena."

"Bila gitaa, utakubali?"

"Mtoto anaitwa Wewe," alisema Ngedere. Akaondoa mkono kwenye gitaa. Halafu akasema, "Nakubali."

"Na wewe, Mzee Kobe? Ngoma zako?"

"Nimechoka."

"Hiyo ni ndiyo," alisema Bi Pimbi.

Wakafika Bondeni. Wakapakua, wakapiga, na Kiboko akatangulia mkekani. Lakini safari hii Bi Pimbi hakufuata maganda. Alikwenda kisimani akanywa maji. Akanywa, akanywa, akanywa, mpaka tumbo likawa duara. Akarudi akajilaza karibu na Kiboko, akalipigapiga tumbo, pa, pa, pa. Akacheua.

"Eeeeh! Nimeshiba mie, jamani."

Kiboko akageuza shingo. "Umeshiba nini? Vyote nimekula mimi."

"Umekula vya mkekani, meneja. Vya mkekani ni makombo. Vitamu hutuzwa jukwaani. Mwimbaji akifungua mdomo, mashabiki wanamtuza. Tikiti jekundu, la maji, linaingia lenyewe. Shida yangu nina kinywa kidogo, mengi yananipita. Laiti ningekuwa na kinywa kama…" Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Basi. Sijasema kitu."

"Umesema! Mwizi wewe! Siku zote hizi unakula jukwaani, mimi nalala! Kesho naimba mimi!"

"Usiimbe, meneja, utachoka."

"Naimba!"

Kesho yake, Mbugani, kwa kina Ngiri. Wenzake wakiwa wanapakua, Bi Pimbi akamwendea mama mkuu wa kijiji, Bi Ngiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Ni njia, bibi. Leo ataimba Kiboko."

"Anajua kuimba?"

"Hajui. Na akianza hanyamazi. Dawa yake ni moja tu: mtupieni tikiti mdomoni. Akiwa anatafuna, hawezi kuimba."

Kiboko akapanda jukwaani. Jukwaa likalia kriii. Akafungua mdomo, mnaujua ulivyo, akaachia: BWOOOOH! Watoto wa ngiri wakaingia mashimoni kinyumenyume. Ndege wakahama mti. Bi Ngiri akachukua tikiti, akavuta pumzi, akatupa. Fyamu! Kimya. Watu wakashukuru. BWOOOOH! Tikiti. Fyamu! Kimya. BWOOOOH! Tikiti. Fyamu! Ikaendelea hivyo mpaka shamba likabaki majani matupu.

Kiboko akashuka, maji ya tikiti yanamtiririka kidevuni. "Umeona? Wamenipenda!"

"Wamekupenda sana, meneja," alisema Bi Pimbi. Nyuma yake Bi Ngiri alikuwa ameketi chini, anajinyoosha mkono uliotupa.

Hapo Kiboko alikuwa amekwisha. Kijiji kilichofuata akasema kama mwimbaji anatuzwa, mpiga gitaa naye lazima anatuzwa, akalichukua gitaa. Akalipiga kwa kidole kimoja kinene, bwengg. Ngedere akageukia pembeni asione. Kijiji kilichofuata akachukua na ngoma, akazipiga kwa mkia, tapa-tapa-tapa. Na kila kijiji kilitupa matikiti, kwa kuwa Bi Pimbi alitangulia kuwasalimu wazee.

Ikabaki kusukuma. Asubuhi moja Kiboko amepanda mkokoteni kama kawaida, Bi Pimbi akaguna.

"Unaguna nini?"

"Hakuna, meneja. Nawaza tu. Mashabiki wanamtuza yule wanayemwona kwanza. Mkokoteni ukija kwa mbali, mbele wanamwona nani? Wanamwona Ngedere kwenye mipini."

Kiboko akaruka chini, ardhi ikasema bup! "Ngedere, toka hapo mbele! Navuta mimi!" Akashika mipini. Halafu akawatazama wote kwa wasiwasi. "Na ninyi mkitembea kando, si watawaona?"

"Watatuona, meneja. Tutafanyaje?"

"Pandeni! Laleni chini ya turubai la vyombo! Na asitoke mtu!"

Wakapanda. Wakalala chini ya turubai, bendi nzima, kwa amri ya meneja. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba na hakukitoa tena njia nzima. Kwichi, kwichi, kwichi, na hakuna aliyekuwa anasukuma.

Wakafika njia panda. Kiboko akauliza, "Onyesho liko wapi?"

"Majabalini," alisema Bi Pimbi chini ya turubai. "Kule hawajapata kumsikia Kiboko."

Majabalini ndiko kwao wote watatu. Kiboko akavuta. Njia ikapanda, Kiboko akavuta. Mawe yakaanza, Kiboko akavuta, jasho lake jekundu likidondoka vumbini. Ngedere akachungulia kwenye tundu la turubai, akauona mkuyu wa nyumbani kwake. Akataka kuruka. Bi Pimbi akamkamata mkia.

"Niache! Nimefika!"

"Bado," alinong'ona Bi Pimbi. "Ukishuka mwenyewe umetoroka. Wewe utapanda mti, na Mzee Kobe je? Lazima meneja atushushe mwenyewe."

Ngedere akalala tena. Bi Pimbi akaanza kulia kwa sauti.

"Unalia nini humo?" Kiboko akauliza, anahema.

"Nalia kwa furaha, meneja. Bahati gani hii? Tunaimbiwa, tunapigiwa, tunavutwa, na matikiti tutagawana."

Mkokoteni ukasimama. "Tutagawana?"

"Si sisi ni bendi moja?"

Kiboko akafunua turubai. "Nani anaimba?"

"Wewe, meneja."

"Nani anapiga gitaa?"

"Wewe, meneja."

"Nani anapiga ngoma?"

"Wewe, meneja."

"Nani anavuta?"

"Wewe, meneja."

"Na ninyi mnafanya nini?"

"Tunalala, meneja."

"SHUKENI! Nimewafukuza kazi wote!"

Bi Pimbi akaanguka miguuni kwake. "Usitufukuze, meneja! Tutakwenda wapi sisi? Tutakula nini?" Ngedere naye alilia, na yule hakuwa anaigiza. Mzee Kobe akatupwa chini, bup, akatoa kichwa, akasema, "Nimechoka," akakirudisha.

"Nikiwaona tena kwenye mkokoteni wangu, nitawakalia!" alisema Kiboko. Akageuza, akateremka na ngoma zake na gitaa lake. Ngedere akasimama anasikiliza. Kila gurudumu lilipogonga jiwe, nyuzi zililia kidogo, kreng. Alisikiliza mpaka hakukuwa na cha kusikiliza.

Sikujua alikuwa ameketi chini ya mkuyu, anamchambua mtoto manyoya. Hakuinuka.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Gitaa liko wapi?"

"Limekwenda."

Ngedere akachuchumaa mbele ya mtoto. Njia nzima, chini ya turubai, alikuwa amechagua jina, akaligeuzageuza mdomoni kama pipi. Akafungua mdomo alitoe.

"Nimeshampa jina," alisema Sikujua. "Juzi. Nilichoka kungoja."

"Anaitwa nani?"

"Chelewa."

Ngedere akameza lake. "Ni jina zuri," alisema. Mtoto alijificha kwanza nyuma ya mama yake. Baadaye akatoka polepole, akavishika vile vidole virefu, akavihesabu, akaanza kuvitafuna. Ngedere akamwachia.

Mzee Kobe alilala palepale alipotupwa, nyasi zikaota pembeni yake. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake akajaribu kuimba. Hhhh. Ikatoka pumzi tu. Majirani wakasema, afadhali, tupumzike. Sauti ilirudi baada ya mvua, si yote, kiasi cha kuitia watoto.

Na Kiboko? Kiboko bado yuko njiani. Tena amekuwa maarufu, wanasema hakuna msanii anayetuzwa kama yeye. Anapakua, anapiga, anapakia, anavuta. Amekonda.

Sasa mtaulizwa nyumbani hadithi imefundisha nini. Msinitie aibu. Semeni imefundisha kumtii mkubwa wa kazi: akisema lala, lala, akisema shuka, shuka. Semeni asiyefanya kitu hupelekwa mpaka mlangoni kwake. Na siku ukifukuzwa kazi, mwanangu, lia, umshike miguu, umsihi, maana mkubwa naye ana moyo, anapenda kuona umeumia. Ila kwanza tazama kama mmeshafika kwenu.

Hadithi yangu imelala hapa.
*Na ilale!*
Atakayeiamsha, aisukume mwenyewe.