Mama Yake Isham

Wapendwa, leo nawapeleka mbali kidogo, mpaka Marekani. Mtu nitakayewasimulia nimemtunga mwenyewe, msije mkamtafuta. Lakini mambo yake yapo, na wengine mtayatambua kabla sijamaliza.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mmarekani mweusi, jina lake Loretta. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, watoto wamekua na kwenda zao. Nyumbani kwake alikuwa na Biblia kubwa ya ukoo. Katikati yake mlikuwa na kurasa za kuandika habari za familia: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la babu ya baba yake, mtu wa karne ya kumi na tisa, Samuel Pruitt. Mahali pa kuandika baba yake Samuel palikuwa patupu. Mahali pa mama yake palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wa Samuel mwenyewe: "Marehemu."

Hana jina. Marehemu tu.

Familia ilimheshimu sana Samuel. Alikuwa fundi viatu, akafungua duka, akawa mzee wa kanisa. Zamani zile watu weusi wengi walikuwa watumwa, lakini ilijulikana kwamba yeye alizaliwa huru, yatima. Loretta akasema, nikistaafu nitamtafuta mama wa huyu mtu. Haiwezekani mwanamke azae ukoo mzima kama huu halafu asiwe na jina.

Akaanza. Akaenda kwenye makanisa ya zamani kusoma vitabu vya ubatizo. Akaenda kwenye ofisi za serikali. Kila alipouliza habari za Samuel Pruitt, mtoto wa watu huru, hakuna. Mwisho akaingiwa na wazo ambalo familia yake isingelipenda: labda hakuzaliwa huru. Akafungua karatasi za minada ya watumwa. Ndugu zangu, mnajua zilivyoandikwa? Ng'ombe wana majina. Farasi wana majina. Halafu chini yao: mvulana. Mvulana. Mwanamke, mwenye nguvu. Mvulana.

Loretta alilia pale mezani mpaka mtunza nyaraka akamletea maji. Akampenda Samuel kuliko zamani. Akasema, kumbe hata mama yake walimnyang'anya, mpaka na jina lake. Akawalaani waliofanya biashara ile, na alikuwa na haki ya kuwalaani.

Alikuwa na shangazi mmoja aliyebaki, mzee sana, ambaye alilelewa na bibi yake, yaani mke wa Samuel. Loretta akamwendea.

"Shangazi, babu yako alikuwa mtumwa. Nina hakika. Nisaidie nimpate mama yake."

Shangazi akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, liache."

"Siwezi kuliacha. Nimefika mbali."

"Ndiyo maana nakwambia uliache."

"Shangazi, unajua jina lake?"

Yule mzee akatazama mikono yake. "Aliitwa Keziah," akasema. "Kaa chini."

Sikilizeni alichosimulia.

Utumwa ulipokwisha kule, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kina mama ambao watoto wao waliuzwa walianza kuwatafuta. Hawakujua kusoma, hawakujua watoto walipelekwa wapi. Wakawaomba watu wawaandikie matangazo kwenye magazeti ya makanisa, na magazeti yale yakasambaa, na Jumapili matangazo yakasomwa ibadani. Namtafuta mwanangu. Namtafuta dada yangu. Watu wakasikiliza, na mara mojamoja mtu akasimama katikati ya kanisa akasema, huyo ni mimi.

Katika kanisa la Samuel, msomaji wa matangazo alikuwa Samuel. Ndiye aliyekuwa na sauti nzuri.

Jumapili moja alisimama kama kawaida, mkewe amekaa mbele na watoto. Akasoma la kwanza, akasoma la pili. La tatu lilisema hivi: "Namtafuta mwanangu Isham. Tulitenganishwa sokoni kabla ya vita, akiwa bado mdogo. Kama yu hai, nipeni habari zake. Nafua nguo za watu hapa mjini, kila mtu ananijua. Mimi mama yake, Keziah." Kina mama wakaguna kwa huruma. Samuel akauliza, kama ilivyokuwa desturi, "Kuna anayemjua Isham?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akasoma la nne.

Wakaenda nyumbani, wakala chakula cha mchana.

Miaka ikapita mingi. Samuel akafa, akazikwa kwa heshima. Mkewe alipokuwa akiondoa jalada kuukuu la ile Biblia ili alishone upya, akakuta kipande cha gazeti kimefichwa ndani yake. Akakisoma. Lilikuwa lile tangazo. Alilikumbuka kwa sababu ya majina. Lakini palikuwa na sentensi moja ambayo hakuisikia siku ile kanisani, sentensi ambayo msomaji aliiruka: "Ana kovu la moto nyuma ya sikio la kushoto."

Mke yule akakaa kitako sakafuni. Kovu lile alilijua. Yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa mumewe nywele tangu walipooana.

Mnaelewa, wapendwa? Alisoma tangazo la mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Akauliza kanisa zima kama kuna anayemjua Isham. Na Isham ndiye aliyekuwa akiuliza.

Loretta akamuuliza shangazi yake, "Kwa nini?"

"Kwa sababu alishawaambia wakwe zake kwamba amezaliwa huru," shangazi akasema. "Watu wasomi wale. Angesimama pale aseme nini? Kwamba mama yake ni mfua nguo, na yeye ni mtoto wa mnadani, na mkewe ameolewa kwa uongo?"

"Lakini alikuwa mama yake, shangazi."

"Nadhani alitaka kumwendea siku moja, peke yake, kimyakimya. Asingetaka, angelichoma lile gazeti. Alilificha. Bibi alisema kila mwaka alikuwa akitaja safari, halafu haendi."

"Na bibi alipojua, alifanya nini?"

"Aliandika barua siku ileile. Mchungaji wa mji aliokuwa akikaa Keziah akajibu kwamba mama huyo amekwisha kufa na kuzikwa. Akasema alikuwa akija kila Jumapili kuuliza kama kuna jibu, na alipokosa nguvu za kutembea alimtuma jirani kuuliza."

Loretta hakuaga vizuri. Alitoka akaendesha gari mpaka mji ule. Alitaka angalau kaburi. Akaonyeshwa mahali walipozikwa maskini wa zamani, uwanja wenye nyasi, sehemu moja imechukuliwa na barabara. Hakuna jiwe wala msalaba. Mtu aliyekuwa akikata nyasi akamuuliza, "Una ndugu hapa?" Loretta akatazama chini kwenye nyasi. Angesema ndiyo, na ukoo wenyewe ulimwandika marehemu akiwa hai?

Akangoja yule mtu asogee. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa, "Isham alikuwa hai. Alipata mke. Alipata watoto." Akasimama pale. Magari yakapita. Hakuna aliyesikia. Mwenye kuhitaji kusikia maneno yale alikuwa amemaliza kungoja kabla Loretta hajazaliwa, tena kabla baba yake Loretta hajazaliwa.

Akarudi nyumbani. Hakutafuta tena. Watu wakimuuliza alifika wapi na ule utafiti wake, alisema, "Nilifika," akabadilisha mazungumzo.

Ndugu zangu, nilijaribu kuupa mfano huu mwisho mwema, nikashindwa. Kila nilipomgeuza Loretta, nilimkuta palepale kwenye nyasi. Sababu ni kwamba mengine Mungu anasamehe, nami naliamini hilo kwa moyo wote, lakini msamaha haumrudishi Keziah mlangoni pa kanisa kuuliza kama kuna jibu. Zile Jumapili zake zimekwenda. Hata mbinguni sijui atarudishiwaje.

Sisi tunapenda kuwasema waliowauza babu zetu. Tuwaseme. Damu ile Mungu ataidai. Lakini niwaulizeni: Keziah alinyimwa mwanawe mara ngapi? Mara ya kwanza palikuwa na minyororo na watu wenye bunduki. Na mara ya pili palikuwa na nini? Palikuwa na suti nzuri, na wakwe, na aibu. Nani alimshika Samuel mkono siku ile? Hakuna. Alikuwa mtu huru kabisa.

Na sisi je? Mko mnaokaa hapa mjini, mkamwambia mchumba kwamba wazazi walishafariki, kumbe mama yupo, anauza vitumbua stendi, na ulimi wake hautamki vizuri Kiswahili cha mjini. Yuko ambaye mama yake alimtembelea kazini, amebeba kuku, na wenzake walipouliza huyu nani, akasema, jirani yetu wa kijijini. Yule mama alisikia. Akacheka kidogo, akasema ndiyo, mimi ni jirani. Yuko baba ambaye mtoto wake analelewa kwingine kwa jina la mwanaume mwingine, na anapita mbele ya shule ile kila asubuhi. Mnadhani mtu mbaya ndiye anayefanya hivi? Samuel hakuwa mbaya. Alitoa zaka. Alilea watoto wake vizuri. Alikusudia kwenda. Kila mwaka alikusudia kwenda.

Sisemi haya ili tulie halafu tujifute machozi tukajisikie vizuri. Wako wanaoulizia habari zetu leo. Wanamuuliza jirani, wanamuuliza kondakta, wanamuuliza Mungu. Na anayejua jibu amekaa kwenye benchi hili, amevaa vizuri, anaitikia amina.

Nimemaliza. Leo hatutaimba wimbo wa kufunga. Anayejua pa kwenda, ainuke aende sasa hivi. Sadaka yake tutaipokea Jumapili nyingine.