Neno la Kwenye Gunia

Sogeeni hapa. Leo naomba masikio yenu, na mwisho nitaomba na uamuzi wenu, maana kesi hii imewashinda waliokuwepo.

Huko Upareni, miaka ile ya kisomo cha watu wazima, walikuwepo watu watatu darasa moja, na kila mmoja alikuwa na chake.

Naelijwa alikuwa na herufi. Alijua kusoma mvi zimeshamjaa, na tangu siku hiyo hakupitwa na kitu. Kibao cha zahanati, pakiti ya chumvi, fulana ya mpita njia, vyote anasoma kwa sauti. Hata Kiingereza anakisoma, ingawa hajui kinasema nini.

Elifadhili, fundi viatu, alikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ilikuwa ya darasa, ila yeye ndiye mtunzaji. Mtajie herufi tu, atakufikisha kwenye neno kabla hujameza mate.

Nanzia alikuwa na maneno ya mdomoni. Ujana wake ulikwisha jikoni kwa mzungu mwenye shamba, na Kiingereza cha pale alikijua kilivyosemwa, na nani, na kwa hasira gani. Lakini kusoma kuligoma kabisa. Wenzake walimtania, "Nanzia, kitabu umekishika kichwa chini!" Akazoea kukaa nyuma na kunyamaza.

Darasa lile kila likifunga lilipika makande, kila mtu na alichonacho. Mwaka huo mvua iliwakimbia, ghala za watu tupu. Basi lori moja likazama kwenye mchanga wa korongo, darasa zima likatoka kulisukuma. Dereva kwa furaha akawashushia gunia la mahindi. "Chukueni wazazi wangu, litawafaa!" Akaondoka na vumbi lake.

Kufungua, mahindi mekundu kama yamepakwa rangi.

"Haya nayo ni mahindi gani?" mmoja akauliza.

"Mwaka wa njaa tulikula ya njano ya msaada," akajibu Naelijwa. "Tukafa?"

Wakacheka, wakayatwanga, wakayaosha mpaka yakawa meupe. Naelijwa hakuzoea kutupa kitu. Pumba akazikusanya, akampelekea mbuzi wake. Mbuzi huyo ndiye aliyekuwa anampa maziwa mjukuu wake, binti mdogo aliyefiwa na mama.

Chungu kikawekwa jikoni. Naelijwa akalitandaza gunia tupu magotini, akasoma maandishi yake ya Kiingereza. "Se-e-di! Sedi!" Akaliimba neno lile huku anapepea moto.

"Sedi ndiyo nini, shangazi?"

"Mimi nasoma. Nani kasema natafsiri?"

Wakacheka tena. Lakini neno likamwasha. Akamwendea Elifadhili. "Kaka, hebu lete kamusi."

"Kamusi haiji jikoni. Angalia mikono yenu ilivyo na masizi."

"Neno moja tu."

"Tukishakula, dada, mkishanawa."

Akambembeleza hadi maharage yakaiva. Mwishowe Elifadhili akajifuta vidole kimoja kimoja, akaifungua. "Nitajie."

"Sa. E. E. Da."

"Hili hapa. Mbegu. Punje. Kokwa. Uzao. Chanzo cha jambo."

"Punje!" watu wakapiga makofi. "Si ndizo tulizopika? Pakueni bwana!"

Nanzia ndiye aliyeshika upawa. Alikuwa ameshauchovya. Akausimamisha.

"Elifadhili, rudia lile la kwanza."

"Mbegu."

"Basi hilo si sedi, ni siidi. Kwa bwana, mahindi ya kula hayakuitwa hivyo hata siku moja. Siidi ilikaa nyuma ya kufuli. Kuku akisogea, mawe. Ukiishika, huli mpaka unawe kwa sabuni. Ilikuwa na dawa ya kuua wadudu."

Akakipiga chungu teke. Makande yakamwagika majivuni mbele ya wenye njaa.

Hapo ndipo Naelijwa akakumbuka pumba.

Alikimbia, khanga ikaanguka njiani, hakurudi kuiokota. Alimkuta mbuzi amelala ubavu, povu mdomoni. Mjukuu amekaa pembeni, amemshika sikio. "Bibi, nimemwita amekataa kuamka."

Mwalimu wao alikuwa anahama. Aliposikia habari akasema, "Kamusi nawaachia. Apewe mmoja, yule aliyewaokoa. Chagueni wenyewe."

Elifadhili akasema, "Bila mimi, Naelijwa angeimba sedi mpaka kaburini."

"Na bila mimi," akasema Nanzia, "mngekufa maana yake mnaijua."

Wakamgeukia Naelijwa. Aliitaka kamusi ile kuliko wote. Kusoma bila kujua maana kulikuwa kama kubisha hodi nyumba ambayo hakuna anayeitika. Alitaka kusema kwamba asingelisoma yeye, neno lile lingebaki michoro ya gunia. Badala yake akasema, "Nililisoma tangu asubuhi. Na Nanzia alikuwa ubavuni kwangu anachambua maharage. Sikumuuliza. Sikudhani asiyesoma ana neno la kunipa."

Elifadhili akaiangalia mikono yake. "Uliponiomba mara ya kwanza ningeifungua," akasema taratibu. "Nilijali kurasa."

Nanzia akajifunika uso kwa ncha ya khanga. "Harufu ile niliisikia tangu tunaosha. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo watanicheka."

Mwalimu alipanda basi, kamusi ikabaki mezani imefungwa kwenye kitambaa. Hakuna aliyethubutu kuibeba kwenda nayo nyumbani.

Haya, mlionisikiliza, sasa zamu yenu. Mmoja alitoa herufi, mmoja akatoa maana, mmoja akatoa matumizi. Mmoja angekosekana, darasa lote lingezikwa. Lakini mmoja angewahi, mbuzi angekuwa hai. Kamusi ni moja: wewe ungemkabidhi nani? Na huyo utakayempa, atamjibu nini yule binti mdogo, ambaye kila kukicha bado anakwenda zizini na kikombe chake?