Fisi Achimba Wima

Mwaka ule jua liliikalia nyika kama mgeni asiyejua kuaga. Mto Kirembe ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Nyumbani kwa Bi Sungura watoto wadogo walilia kiu mpaka sauti zikawapotea. Asubuhi moja mama akatwaa kibuyu, akamwamsha binti yake mkubwa, Kidawa.

"Leo utajifunza kuchimba maji."

"Na mwewe je, mama? Na miiba? Na tukipotea?"

"Mwewe ana macho, miiba ina ncha, na njia ni hii hapa. Twende."

Kwenye kona ya mto, mahali nyasi zilipokuwa bado mbichi, mama akamwonyesha. Shimo lianze kwa upana, kingo zilale kama za sahani. Mchanga ukilowa, acha kuchimba, kaa usubiri maji yajipenyeze. Ya kwanza ni tope, yamwage. Kidawa akayarudia yote kimoyomoyo, akihofu kusahau hata neno.

Mchanga ulikuwa ndiyo kwanza umelowa Fisi alipotokea, ulimi nje.

"Ondokeni! Simba amenikabidhi mto huu!"

Kidawa akajificha nyuma ya mama yake. Wadogo zake wangekunywa nini? Lakini Bi Sungura aliinama kwa adabu. "Haya, Bwana Fisi. Mwanangu, mweleze bwana namna ya kuchimba. Usifiche kitu."

"Yote, mama?"

"Yote."

Basi akaeleza bila kuruka hata nukta: upana, kingo, kusubiri, kumwaga.

Fisi akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Tangu lini sungura akasema kweli? Mnataka nikae hapa nikitazama mchanga, kama mkwe anayengoja chakula! Mkisema upana, basi ni wima. Mkisema ngoja, basi ni haraka!"

"Sisi tumekwambia, mjomba," alisema Kidawa.

Fisi akachimba wima, mchanga ukiruka nyuma yake. Akazama miguu, akazama kifua. Tope la kwanza akalinywa lote, akapaliwa, akakohoa, akaendelea. Mara kingo zikaporomoka, pwaa! Kikabaki kichwa tu juu ya mchanga, kimeduwaa.

Kidawa akamtazama mama yake. Kumbe uongo haukuhitajika kabisa. Mwenye kudanganya kila siku haamini mtu, hata anapoambiwa la kumfaa.

"Nitoeni!" Fisi akalia. "Simba akipita, akasikia nimemsingizia, atanitafuna!"

"Kwani mto ni wa nani?" Kidawa akauliza, akashangaa kwamba sauti yake haikutetemeka.

"Wa... wa wote."

"Sema kwa nguvu. Wenzetu wenye kiu wako ng'ambo ile, wanakuogopa."

"WA WOTE!"

Pundamilia na swala wakateremka mbio na vibuyu vyao. Mama na binti wakachimba shimo jingine, pana, wakangoja, wakamwaga tope, wakajaza kibuyu, na mama akakikimbiza nyumbani kwa watoto. Kidawa akabaki kumfukua Fisi. Akaanzia mbali kabisa na kichwa chake.

"We mtoto, mbona huko? Chimba hapa shingoni!"

"Hapo mchanga utakufunika pua, mjomba. Ni upana kwanza. Halafu kusubiri."

Fisi akafungua kinywa abishe. Akautazama mchanga uliolala karibu na meno yake, akakifumba.

"Haya, mwanangu," akasema polepole. "Kama ulivyosema."