Kutu ya Upanga wa Kijapani

Mwantumu, muuza mitumba wa Tanga, alinunua upanga wa Kijapani kwa bei ya jembe bovu. Bwana Makungu, tajiri mwenye duka la vitu vya kale, akaja mbio kuutazama. Alichomoa mpini, akayakodolea macho maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenye kutu, kisha akaguna.

"Bati tu hili, Bi Mwantumu. La kiwandani, la juzi. Nipe nikakutupie."

"Kumbe! Basi nitafyekea majani," alisema Mwantumu. Akachukua msasa, akaanza kuisugua ile kutu kwa nguvu.

"Acha!" Makungu alipiga ukelele, soko zima likageuka. "Usiiguse kutu hiyo! Ndiyo inayoonyesha umri! Upanga huu una miaka mia tatu, na hilo unalolifuta ni jina la mhunzi wake!"

"Jamani, mmemsikia?" Mwantumu aliwauliza wauzaji wenzake.

"Tumemsikia!"

Makungu akaunyang'anya msasa, akainama kukagua hasara. Kutu ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe.

"Nilikuwa nasugulia upande wa karatasi, Bwana," alisema Mwantumu, huku akiuviringishia upanga wake khanga. "Ahsante kwa kunisomea."